Alain Delon Hakuwa Yule Niliyewaonyesha

Leo hakuna video. Leo tafuta mahali ukae usome, kwa sababu hii stori haitoshei kwenye sekunde thelathini, na hizo sekunde thelathini ndizo zilinipeleka pabaya.

Wengi wenu mlianza kunifuata Agosti 2024, siku niliyoweka ile klipu ya Alain Delon. Alikuwa amefariki tarehe 18 mwezi huo, nyumbani kwake kijiji cha Douchy huko Ufaransa, akiwa na miaka 88, na mtandao mzima ukajaa sura yake. Mnaikumbuka. Mzungu mwenye koti refu na kofia anajitazama kwenye kioo, anapitisha vidole polepole kwenye ukingo wa kofia, halafu anatoka nje bila kusema neno. Nikapunguza mwendo, nikaweka muziki mzito, nikaandika maneno mawili: “Mwanaume hajielezi.” Nikalala. Kuamka asubuhi, simu ilikuwa inatetemeka kama matatu ya route mbovu.

Sasa wacha niwaambie ukweli ambao sijawahi kusema. Sikuwa nimewahi kutazama hiyo filamu. Sikuwa nimetazama filamu yoyote ya Delon. Hicho kipande nilikitoa kwenye klipu ya mtu mwingine, ambaye pia sijui alikitoa wapi. Nilikuwa nawauzia kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimeonja.

Mambo yangekwisha hapo kama si mdogo wangu.

Tunaishi pamoja kwenye bedsita hapa Nairobi. Septemba hiyo alikuwa anaanza diploma, na mathe alituma karo kutoka nyumbani, elfu thelathini na nane. Pesa ya mahindi na ya chama. Kila asubuhi kijana anaamka, anaoga, anabeba begi, anaenda. Jioni anarudi, anakula, analala. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi nilimsifu kwa hilo. Nilidhani ameanza kukomaa.

Desemba mathe akapiga simu. “Mwambie ndugu yako anitumie picha ya matokeo.” Kijana akasema mtandao wa chuo uko chini. Wiki moja, mbili. Mwishowe nikaenda mwenyewe, nikasimama dirishani kwa karani, nikataja jina lake. Karani akaangalia mara mbili. Jina halikuwepo. Halijawahi kuwepo.

Usiku huo nilimuuliza, na alinijibu akiwa anaangalia ukuta. Alianza na elfu mbili tu. Mkeka ukachanika kwa timu moja. Akataka kuirudisha, akaongeza. Baada ya siku nne karo yote ilikuwa imekwenda. Kuanzia hapo, kila asubuhi, alikuwa anabeba begi lenye daftari tupu na kwenda kuzunguka mjini hadi jioni. Miezi mitatu hivi.

Nikamuuliza, “Kwa nini hukuniambia, buda? Tunalala chumba kimoja.”

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. “Si ni wewe uliandika mwanaume hajielezi?”

Hakuwa ananikejeli. Hiyo ndiyo iliniuma. Alikuwa amesema kwa uzito wake wote, kama mtu anayetaja sheria. Na kwenye skrini ya simu yake, picha ya nyuma ilikuwa yule jamaa wa kofia.

Sisemi klipu yangu ndiyo ilimfundisha kubeti. Hapana. Lakini alipoanguka, alitafuta mahali pa kujificha, na mimi ndiye nilikuwa nimemjengea.

Basi nikanunua bando na kuanza kumtazama Delon kwa kweli, muvi baada ya muvi, nikisoma maandishi ya chini hadi macho yanauma. Nilitaka kujua huyu mtu niliyemuweka ukutani kwa mdogo wangu ni nani hasa.

Alizaliwa tarehe 8 Novemba 1935 huko Sceaux, pembeni mwa Paris. Wazazi wake waliachana akiwa mtoto mdogo wa miaka minne hivi, akapelekwa kulelewa na familia nyingine. Baba wa nyumba hiyo alikuwa askari wa gereza la Fresnes. Alifukuzwa shule si moja. Mume mpya wa mama yake alikuwa na bucha, na kijana akafunzwa kazi ya nyama. Akiwa na miaka 17 akajiunga na jeshi la majini, akapelekwa vita vya Indochina, akaingia matatizoni huko pia, na 1956 akarudi Paris bila cheo wala mpango. Akawa anabeba mizigo soko la Les Halles na kuhudumia wateja kwenye mikahawa. Hustler kama hustler mwingine.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa 1957. Mwongozaji, Yves Allégret, alimwambia asiigize: aongee kama anavyoongea, atazame kama anavyotazama, asikilize kama anavyosikiliza. Delon mwenyewe alisimulia hilo mara nyingi kwamba ndilo lilimjenga. Hebu lishike hilo neno: asikilize. Ukimtazama vizuri kwenye filamu zake nzuri, huyu jamaa hasimami tu akiwa mrembo. Anasikiliza. Uso wake unapokea kila kitu mwenzake anachosema. Sisi wa klipu tumemkata yule mwenzake tukabaki na uso, halafu tukasema huyu hajali.

1960 ndio mwaka uliomfanya nyota, kwa filamu mbili. Ya kwanza ni Plein Soleil ya René Clément, kutoka riwaya ya Patricia Highsmith. Anaigiza Tom Ripley, kijana asiye na kitu anayemuua rafiki tajiri na kuvaa maisha yake: nguo, sahihi, sauti. Delon alikuwa amepewa nafasi ya yule tajiri, akakataa, akadai apewe Ripley. Alikuwa na miaka 23 na alijua kitu. Alijua sura yake inaweza kuficha mtu mwenye njaa.

Ya pili ndiyo ilinivunja. Rocco na Ndugu Zake, ya Luchino Visconti, Muitaliano.

Mama mjane anatoka mashambani kusini mwa Italia na wanawe, wanashuka kwenye treni usiku huko Milano, jiji kubwa lenye baridi. Mkubwa alishatangulia. Wanajibana kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Theluji inaanguka na wao wanashangilia, kwa sababu theluji ni kazi: watalipwa kuizoa barabarani. Nani hapa hajui hiyo hesabu? Nani hana cuzo aliyekuja Nairobi na begi moja akilala sakafuni kwa watu?

Delon ndiye Rocco, mpole kuliko wote. Kaka yake Simone anajaribu ndondi, anapotea, anaingia madeni. Simone anamfanyia mchumba wa Rocco unyama mbele ya macho yake. Na Rocco anafanya nini? Anasamehe. Anamwachia Simone kila kitu, hata huyo msichana, Nadia, ambaye hakuna anayemuuliza anataka nini. Anasaini mkataba wa miaka mingi ya ndondi, mchezo anaouchukia, ili kulipa deni la kaka yake. Anabeba kimya kimya. Na mwisho Simone anamuua Nadia kwa kisu, kisha anarudi nyumbani na damu usiku ambao familia inasherehekea ushindi wa Rocco.

Hapo Delon analia. Si chozi moja la kiume linaloteremka taratibu. Analia kwa sauti, kitandani, amemshika kaka yake, kama mtoto. Huyo ni Alain Delon, yule yule. Nimetafuta klipu ya kipande hicho kwa wale wote wanaoweka “tabia za wanaume wakimya”. Sijaiona hata moja. Na mimi nisingeiweka.

Anayeokoa kilichobaki si Rocco. Ni Ciro, ndugu mwingine, mfanyakazi wa kiwanda cha magari, anayetoka mbio kwenda kwa polisi kusema. Wengine wanamwona msaliti. Lakini ukitazama filamu nzima unaona kwamba wema wa Rocco wa kufunika ndio ulimwacha Simone aoze.

Niliisimamisha hapo. Kwa sababu wiki hiyo hiyo nilikuwa na mpango, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa nimeamua kulipa ile elfu thelathini na nane kutoka pesa ya tangazo moja, kijana aanze chuo Januari, na mathe asijue kamwe. Nilikuwa naona ni upendo. Kumbe nilikuwa Rocco.

Nirudi kwa ile klipu sasa. Inatoka Le Samouraï, 1967, ya Jean-Pierre Melville. Delon ni Jeff Costello, muuaji wa kukodiwa. Karibu dakika kumi za mwanzo hakuna mtu anayezungumza. Chumba cha kijivu, kitanda, moshi wa sigara, na ndege mmoja kwenye tundu. Nakubali: ni tamu kutazama. Koti, kofia, mwendo. Waongozaji wa dunia nzima wameiba kutoka hapo.

Lakini tazama hadi mwisho. Huyo ndege ndiye rafiki pekee wa Jeff, na ndiye anayemwokoa mara moja: Jeff anarudi nyumbani, anaona ndege ana wasiwasi, anajua kuna mtu aliingia. Kiumbe pekee anayeweza kumwambia kitu yuko kwenye tundu. Waajiri wake wanamgeuka, polisi wanamfuata kila stesheni ya treni, na hana hata mtu mmoja wa kumwambia nimechoka. Mwishowe anaenda klabu, anatoa bastola mbele ya mpiga piano, na polisi wanampiga risasi. Wanapoiangalia bastola yake, haina risasi. Alikwenda kufa.

Huyo ndiye niliyewapa kama mfano. Nilikata pale anapovaa kofia, nikaacha pale anapokwisha. Melville hakuwa anasema “kuwa hivi”. Alikuwa anaonyesha mtu aliyefungwa ndani ya staili yake kama yule ndege.

Na maisha ya Delon nje ya kamera? Hapa sitawapamba. Kuna mtoto wa kiume, Ari, aliyezaliwa 1962 na mwimbaji Nico. Delon hakumkubali kamwe kuwa wake. Cha ajabu, mama mzazi wa Delon ndiye aliyemlea huyo mtoto. Ari alikufa 2023, mwaka mmoja kabla ya yule aliyemwita baba. Delon alikiri kwenye televisheni kwamba alishawapiga wanawake makofi. Alikuwa rafiki wa miaka mingi wa Jean-Marie Le Pen, mwanzilishi wa chama kilichojengwa juu ya kuchukia wahamiaji, na 2013 alisema hadharani kwamba anaunga mkono jinsi chama hicho kinavyokua. Mimi, kijana mweusi wa Nairobi, nilikuwa nimemwekea muziki.

Tamasha la Cannes lilipotaka kumpa Palme d'Or ya heshima mwaka 2019, kulikuwa na malalamiko na sahihi nyingi za watu kupinga. Mkuu wa tamasha, Thierry Frémaux, alijibu kwamba hawampi Nobel ya Amani, wanampa tuzo ya kazi yake. Delon akapanda jukwaani, miaka 83, binti yake Anouchka akamkabidhi tuzo, na akalia mbele ya watu wote. Hiyo pia haimo kwenye klipu.

Nilijaribu kumchukia, ingekuwa rahisi. Halafu nikatazama Monsieur Klein, 1976, ya Joseph Losey. Paris ya 1942, Wajerumani wameikalia. Delon ni mfanyabiashara wa sanaa anayenunua picha kwa bei ya kutupa kutoka kwa Wayahudi wanaotaka kukimbia. Halafu inatokea kuna Klein mwingine, Myahudi, na serikali inaanza kuwachanganya. Kila hatua anayojitetea inamzamisha zaidi, hadi anaishia ndani ya gari moshi pamoja na wale aliowanyonya. Filamu haimfichi polisi wa Kifaransa na kazi aliyofanya. Na Delon hakuigiza tu, alikuwa mmoja wa watayarishaji wake. Mtu huyo huyo, rafiki wa Le Pen. Nimekaa na hilo swali wiki kadhaa na sijalitatua. Ninachojua ni kwamba filamu iko sahihi hata pale mwenyewe alipokosea, na sitaki kuikata ili itoshee.

Urithi wake umekwenda mbali kuliko yeye. John Woo wa Hong Kong alimpenda Jeff Costello kiasi kwamba 1989 alitengeneza The Killer kwa kumwiga. Miaka 35 baadaye Woo mwenyewe akairudia hiyo filamu, safari hii ndani ya Paris, na akamweka nani mbele? Nathalie Emmanuel kama muuaji, na Omar Sy kama polisi. Omar Sy, yule wa Lupin, mtoto wa wahamiaji kutoka Senegal na Mauritania aliyelelewa Trappes. Ilitoka Agosti 2024, siku chache tu baada ya Delon kufa. Watoto wa watu ambao chama cha rafiki yake hakikuwataka ndio sasa wamevaa koti. Koti halikuuliza ruhusa.

Kuna stori moja ya mwisho ya Delon ambayo hunirudia. Alikuwa na mbwa anayeitwa Loubo. Alisema akitangulia kufa yeye, mbwa auawe wazikwe pamoja, ili asibaki na huzuni. Alipofariki watu walipiga kelele, na familia ikasema mbwa atabaki hai nyumbani. Nikamfikiria yule ndege wa Le Samouraï. Mtu aliyependwa na mamilioni, na aliyeona atamkosa zaidi ni mbwa.

Sasa turudi kwa bedsita. Nilimwekea mdogo wangu Rocco, saa tatu kamili za rangi nyeusi na nyeupe, na akakaa nayo hadi mwisho. Sikumhubiria. Ilipoisha aliuliza kitu kimoja: “Huyo Ciro, walimsamehe?” Nikamwambia mdogo wao wa mwisho alikataa kwanza, wakazungumza nje ya kiwanda. Akanyamaza. Baadaye akasema, “Mpigie mathe. Lakini niongee mimi.”

Akaongea. Simu ilikuwa kwenye spika. Alisema yote, hadi ile ya kubeba begi lenye daftari tupu. Mathe alinyamaza muda mrefu nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, “Na hizo siku zote ulikuwa unakula nini mchana?” Kijana akashindwa kujibu. Akalia, na mimi pia, na hakuna aliyepunguza mwendo wala kuweka muziki.

Haikuisha vizuri kama muvi. Mathe alikasirika siku tatu baadaye, kwa kishindo, na alikuwa na haki. Hakukuwa na chuo Januari. Kijana anafanya kazi kwa fundi wa pikipiki, anarudisha elfu mbili kila mwezi, na kuna mwezi alikosa. Alinieleza kwa nini alikosa. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Ile klipu bado iko. Sikuifuta, maana mlishaiona. Lakini nimeongeza kipande cha pili: Jeff anavaa kofia, halafu moja kwa moja Rocco analia. Nimeondoa muziki. Nimeondoa na yale maneno mawili. Msee wa kwanza kutoa maoni aliandika, “Umeharibu.” Sawa. Wewe uliyeandika hivyo, kama unasoma, inboksi yangu iko wazi. Na kama kuna kitu umekibeba kwenye begi kila asubuhi, kitaje kwa mtu mmoja leo. Si lazima awe mimi.